Nusu Milimita ya Kauri

Daktari wa meno anayeijua kazi yake huchagua rangi kabla ya kitu kingine chochote. Mgonjwa hajajiegemeza vizuri kitini, sindano ya ganzi bado iko kwenye trei, na tayari daktari amemgeuza uso upande wa dirishani, mkononi ana kitita cha meno ya mfano. Haraka hiyo ina sababu. Jino lina maji ndani yake. Mdomo ukiachwa wazi kwa dakika chache, maji yaliyo katikati ya vijiti vidogo vidogo vinavyounda enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kukauka, hewa huchukua nafasi yake, na jino hugeuka jeupe kuliko lilivyo. Laweza kukaa hivyo kwa saa nyingi kabla ya kuirudia rangi yake. Daktari akingoja mpaka amalize kuchonga ndipo achague rangi, atakuwa ameipelekea maabara rangi ya jino lililokauka, na vinia ikishagundishwa itawaka peke yake katikati ya meno mengine.

Vinia ni ganda la kauri linalogundishwa upande wa mbele wa jino ili kuficha doa, ufa, ncha iliyomeguka au umbo ambalo mwenyewe halimpendezi. Unene wake mara nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.7, zile nyembamba kabisa hazizidi ganda la yai la kuku. Wengi wetu tumezijua kupitia picha za wasanii ambao tabasamu zao zilibadilika ghafla kati ya albamu moja na nyingine, na tukabaki na fikra kwamba vinia ni weupe. Mimi weupe haunitishi. Weupe ndio sehemu rahisi kuliko zote, maana kopo la poda nyeupe huuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Ninachokivulia kofia ni namna mafundi wachache wanavyoweza kukiweka ndani ya nusu milimita kina ambacho jino la asili lilikipata kwa tabaka za milimita kadhaa, tena kwa ajili ya mtu ambaye aghalabu hawajawahi kuonana naye. Mgonjwa humjua daktari tu. Fundi yuko maabara, pengine mtaa wa pili, pengine mji mwingine, na kinachomfikia ni alama za mdomo, picha na karatasi ya maelezo.

Tuanze na jino lenyewe, maana fundi naye huanzia hapo. Mtazame kijana wa miaka 18 akicheka juani. Karibu na ufizi jino lake la mbele lina manjano yenye wekundu kidogo, kwa sababu hapo enameli ni nyembamba na dentini iliyo chini yake inajionyesha. Katikati ndiko kunakong'aa zaidi. Kadiri unavyoshuka kuelekea ncha, dentini inakwisha na enameli inabaki peke yake, na hapo utaona kijivu kilichoingiwa na ubuluu. Ndani ya kijivu hicho kuna vidole vitatu vya dentini vilivyofifia, vinavyokoma kabla ya kufika ukingoni, halafu ukingoni kabisa unapita mstari mwembamba mweupe. Sasa sogeza taa ipige kutoka nyuma ya jino lilelile. Ubuluu wote unatoweka, panaingia rangi ya chungwa. Jino halikubadilika, ni nuru tu iliyoingia kwa mlango mwingine.

Na huo ni undani tu, bado uso. Jino changa lina mistari ya mlalo, myembamba mno, iliyoachwa na enameli ilipokuwa ikijijenga utotoni, kila mstari ukiwa kazi ya siku kadhaa. Mistari hii huivunja nuru vipande vipande, ndiyo maana meno ya vijana humetameta badala ya kung'aa kama kioo cha gari. Mswaki na chakula huifuta taratibu. Mtu wa miaka 60 uso wa meno yake umelainika, ncha zimesawazika, na nyufa nyembamba zimekunywa chai ya miaka mingi. Fundi akimwekea mzee huyo mistari ya kijana, watu watahisi kuna kitu hakikai sawa usoni pale, ingawa hakuna atakayeweza kukitaja.

Kuna jambo jingine ambalo mtu halioni mpaka aingie ukumbi wa muziki. Chini ya taa za urujuanimno, meno ya asili hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu. Kauri isiyo na sifa hiyo hugeuka giza, na mwenye nayo akicheka huonekana kibogoyo. Kwa miaka mingi watengenezaji wa poda walilitatua hilo kwa kutia chembe za urani ndani ya kauri, ndiyo, urani hiihii ya mabomu, mpaka ilipoachwa na nafasi yake ikachukuliwa na madini mengine adimu. Fikiria ni watu wangapi walitembea na madini hayo mdomoni ili tu wasiaibike kwenye dansi.

Rangi zenyewe zina utaratibu wake. Kitita kinachotumika zaidi duniani kilitolewa na kampuni ya VITA ya Ujerumani mwaka 1956, nacho kina vivuli 16 vilivyogawanywa katika makundi manne, kuanzia A hadi D: ya wekundu na kahawia, ya wekundu na manjano, ya kijivu, na ya kijivu chenye wekundu. Mwanafunzi hushindana na majina haya kwa miezi kabla ya kugundua kwamba jicho la binadamu husamehe aina ya rangi lakini halisamehi kiasi cha mwangaza. Vinia ikikosea kidogo katika manjano yake, hakuna atakayejali. Ikiwa nyeusi au nyeupe kuliko jirani kwa ngazi moja, mtu ataiona kutoka ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana mafundi wengi hugeuza picha ya mgonjwa kuwa nyeusi na nyeupe kwanza, wapime mwangaza, rangi zifuate baadaye. Na hakuna anayekodolea macho kwa muda mrefu. Sekunde tano, halafu jicho lipumzike, kwa kuwa jicho huchoka upesi na likichoka huanza kukubali chochote.

Meza ya fundi wa kauri ni safi kupita kiasi, na si kwa ajili ya wageni. Punje moja ya vumbi ikiingia kwenye poda itatoka tanurini ikiwa nukta nyeusi ndani ya jino. Poda yenyewe kwa sehemu kubwa ni feldspa, madini ya kawaida yanayopatikana katika miamba ya granaiti, yaliyoyeyushwa, yakapozwa, yakasagwa. Fundi huichanganya na maji maalumu kwenye kibao cha kioo, kisha huichota kwa brashi ya manyoya yenye ncha kali. Anajenga juu ya nakala ya jino iliyofinyangwa kwa plasta inayostahimili moto, au, kwa wale walioshika njia ya zamani, juu ya karatasi ya platini yenye unene wa mikromita 25.

Hapa ndipo subira huanza kupimwa. Poda mbichi haina rangi itakayokuwa nayo. Viwandani huitia rangi bandia, waridi kwa dentini, buluu hafifu au nyeupe kwa enameli, ili fundi asichanganye makopo; rangi hizo huungua zote tanurini. Kwa hiyo anachokiona mezani hakifanani na kitakachotoka. Tena kauri hunywea ikichomwa, karibu theluthi moja ya ujazo wake, kwa hiyo jino analolijenga ni nene na kubwa kuliko analolikusudia, na lazima alizidishe kwa kipimo, huku zaidi, kule kidogo, akijua kila upande utarudi nyuma kiasi gani. Anachora kwa rangi asizoziona umbo ambalo bado halijawa lenyewe.

Ukimtazama utadhani anachezea matope. Anaweka tone la poda ya dentini karibu na ufizi, analisukuma chini kwa ncha ya brashi, analikata kwa wembe kuacha vile vidole vitatu, anajaza katikati ya vidole kwa poda inayopitisha nuru, anafunika yote kwa enameli. Kila baada ya miguso kadhaa anakwaruza mpini wa kifaa chenye mikunjo dhidi ya kishikio cha kazi yake. Mtikisiko ule mdogo huyapandisha maji juu, chembe za poda zinakaribiana, naye ananyonya maji yaliyopanda kwa ncha ya karatasi laini. Maji yakizidi, kila kitu kinateleza na tabaka zinachanganyika. Yakipungua, poda inamomonyoka kwa pumzi tu. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo ambayo haiandikiki kitabuni, mkono huijua kwa kukaa mezani miaka.

Kisha tanuri. Kazi huachwa kwanza mlangoni ikauke, iingie polepole, hewa ifyonzwe ili mapovu yasibaki ndani, joto lipande hadi karibu nyuzi 900. Inatoka, inapoa, fundi anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, anaongeza pale paliponywea, anairudisha. Lakini hana ruhusa ya kuirudisha mara nyingi apendavyo, kwani kauri iliyochomwa mara nyingi mno hupoteza uhai wake, ikawa na ukungu kama maziwa au ikawa kioo kitupu. Wale walio bora hupanga kazi yote kichwani kabla brashi haijaloa.

Fani hii ina wakubwa wake ambao majina yao hayajulikani nje ya maabara. Willi Geller wa Zurich, fundi na si daktari, alilea kizazi kizima cha wanakauri waliokuja kuheshimika sawa na madaktari waliowapa kazi. Mjapani Hitoshi Aoshima alionyesha namna ya kuchoma tabaka la dentini kwanza, kisha kuchora juu yake kwa brashi nyembamba nyufa, vivuli na vidole vile vya ndani, halafu kufunika mchoro wote kwa enameli inayopitisha nuru. Ukiitazama kazi yake huoni rangi iliyopakwa, unaona jino lenye mambo ndani yake. Mswisi mwingine, Pascal Magne, aliyekwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa pamoja na mwalimu wake Urs Belser kitabu kikubwa mwaka 2002 kinachoshikilia kwamba kauri na gundi vikitumiwa sawasawa hulirudishia jino ugumu wake wa asili, mbali na sura.

Siku hizi kuna njia ya haraka. Tangu mwaka 2005 kauri ya lithiamu disiliketi imeenea: fundi anachonga umbo kwa nta, anaizika kwenye plasta, nta inaunguzwa, na kauri iliyolainishwa kwa moto inasukumwa kuingia katika nafasi iliyoachwa. Au kompyuta inachora na mashine inachonga kutoka kwenye kipande kimoja. Kauri hiyo ina nguvu mara kadhaa kuliko feldspa, na sina ugomvi nayo. Mafundi wengi wazuri hupitia katikati: mwili wa jino wanautengeneza kwa njia hiyo, kisha wanakwangua ncha na kuijenga upya kwa brashi, kwa sababu mashine inakata umbo vizuri ila kipande chake kina rangi ileile toka mbele hadi nyuma.

Mpaka hapa nimezungumzia jino lililo zima chini ya ganda lake. Kwetu Afrika Mashariki mtihani mkubwa uko kwingine. Panda vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, Arusha, au tembea Bonde la Ufa upande wa Nakuru na Naivasha, utakutana na watu wazima wenye meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Si uchafu, wala si uvivu wa mswaki, ingawa wengi wamesimangwa hivyo maisha yao yote. Miamba ya volkano hutoa floridi inayoingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Baadhi ya vyanzo vya Meru huzidi kiwango hicho zaidi ya mara kumi. Ongeza magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande, nayo yana floridi yake. Mtoto akinywa na kula hivyo katika miaka ambayo meno ya ukubwani yanajiunda ndani ya taya, enameli inatoka na kasoro. Jino huchomoza likiwa na weupe wa chokaa, kisha rangi ya kahawia huingia baadaye. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Usa River, kimefanya kwa miaka kazi ya kuchuja floridi majini kwa mkaa wa mifupa, na hilo ndilo suluhisho la watoto. Kwa mtu mzima anayecheka kiganja kikiwa mdomoni, maji safi yamechelewa.

Daktari mwaminifu kwa mtu huyo haanzi na vinia. Huanza na njia zinazochukua kidogo: kung'arisha kwa dawa, kusugua uso wa enameli kwa chembechembe zenye asidi, kujaza vishimo kwa resini ya rangi ya jino. Mara nyingi hizo zinatosha, na gharama yake ni ndogo. Zikishindwa, ndipo fundi wa kauri anaitwa, na anaitwa kwenye kazi ngumu kuliko zote alizofundishwa. Kila sifa niliyoieleza huko juu inategemea nuru kupita. Ganda la nusu milimita linalopitisha nuru likiwekwa juu ya mkanda wa kahawia, kahawia itapanda juu. Ukiweka kauri nzito isiyopitisha nuru, doa litafichika, lakini utapata kibati cheupe kilichobandikwa jino.

Fundi hodari hupita katikati ya balaa hizo mbili kwa kugawanya. Daktari humpelekea picha ya jino baada ya kuchongwa, kipande cha rangi kikiwa pembeni yake, ili ajue giza liko wapi hasa. Mkanda wa kahawia aghalabu hukatiza katikati ya jino. Basi tabaka zito analiweka hapo tu, jembamba mno, kingo zake akizififisha ili usione lilipoanzia wala lilipoishia. Karibu na ncha haliweki kabisa. Juu yake analaza poda yenye joto la rangi kidogo, kwa sababu tabaka zito huvuta jino kuelekea kijivu, kisha enameli. Daktari naye anaweza kumsaidia kwa kuzama kidogo zaidi mahali pale pa giza, sehemu ya kumi mbili tatu za milimita, na kwa kuchagua gundi yenye rangi. Wakifanikiwa, hakuna atakayemsifu yeyote kati yao. Watu watasema mwenye meno amenenepa, au amepumzika.

Sehemu ya kumi ya milimita si neno la kupuuza. Enameli ya jino la mbele ni kama milimita moja kuelekea ncha, na karibu na ufizi hushuka hadi chini ya nusu. Gundi hushika enameli kwa uhakika ambao dentini haijawahi kuutoa, kwa hiyo kila anachokula daktari kwa mashine anakitoa kwenye akiba isiyorudi. Enameli haioti tena. Mturuki Galip Gürel wa Istanbul alipata umaarufu kwa sababu ya njia rahisi kusimulia: kwanza jenga mdomoni, kwa resini ya muda, umbo la jino litakavyokuwa mwishoni, kisha chonga mifereji ya kina maalumu kupitia umbo hilo, siyo kutoka kwenye jino la sasa. Pale ambapo jino limerudi nyuma au limelika, mashine itapita kwenye resini na haitaigusa enameli kabisa. Ni kejeli ya wakati huu kwamba nchi yake ndiyo imeitia jina ile misafara ya vijana wa Uingereza wanaoruka kwenda kutengeneza tabasamu kwa bei nafuu, wengine wakidhani wanapata vinia na kurudi na meno mazima yaliyochongwa pande zote yakawa vigingi, juu yake kofia za kauri. Jino la kijana wa miaka 20 kuligeuza kigingi kwa ajili ya weupe, nasema wazi, ni uharibifu, hata kazi ikawa nadhifu namna gani.

Umbo lile la muda lina faida nyingine. Mgonjwa anazungumza nalo. Herufi ya F na ya V hutamkwa ncha za meno ya juu zikigusa mdomo wa chini, kwa hiyo akisema "fedha" na "vifaa" daktari anaona kama meno ni marefu mno au mafupi. Kwa "sisi" na "sasa" meno ya juu na ya chini hukaribiana bila kugusana. Sauti ikipiga mluzi, kuna mahali pa kupunguza. Na hapo ndipo suala la mwanya linapopaswa kuamuliwa. Vitabu vya nje huuhesabu mwanya miongoni mwa kasoro za kuzibwa. Kwetu mwanya umeimbwa, umeolewa, na kuna wanaolipa ili watengenezewe. Daktari anayeagiza meno sita yaliyobanana bila kuuliza anaweza kumrudisha mama kwao akiwa na sura ambayo dada zake hawaitambui. Fundi akiambiwa mapema, mwanya ni kazi ya kupendeza: kuta zake mbili lazima zijipinde kwa ulinganifu kutoka kwenye ufizi, la sivyo unaonekana pengo.

Yote haya yasingekuwa na maana bila gundi, na gundi ndiyo iliyochelewa. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, alikuwa akiwatengenezea waigizaji wa Hollywood magamba ya meno katika miaka ya 1930. Yalipendeza mbele ya kamera, Shirley Temple akiwa mmoja wa waliovalishwa ili watazamaji wasione meno ya utotoni yakidondoka. Lakini yalishikwa kwa unga uleule unaoshikilia meno bandia, na nyota alipotaka kula chakula cha mchana alikuwa akiyavua. Mwaka 1955 Michael Buonocore, kule Rochester, New York, alipaka enameli asidi ya fosfori baada ya kuona viwandani asidi hiyo ikitumika kuandaa chuma ili rangi ishike. Enameli ikapata vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na resini ikaingia humo na kung'ang'ania. Upande wa jino ukawa umetatuliwa. Upande wa kauri ulisubiri hadi mwaka 1983, John Calamia wa Chuo Kikuu cha New York na mwenzake Richard Simonsen walipoonyesha kwamba kauri nayo ikiliwa na asidi ya hidrofloriki hushika vilevile.

Asidi hiyo ni hatari. Hupenya ngozi na kutafuta kalisi ndani ya mwili, ndiyo maana haichezewi karibu na mdomo wa mtu bila kinga. Msingi wake ni florini, elementi ileile iliyoyachafua meno ya Meru. Na meno yaliyoshiba floridi huikataa asidi ya Buonocore, kwa hiyo daktari huiacha ikae zaidi kuliko kawaida kabla haijafungua enameli.

Siku ya kugundisha ni siku ndefu. Mpira mwembamba huzingira meno ili mate yasifike. Kauri imeshaliwa na asidi, imeoshwa, imepakwa kimiminika cha silani ambacho huungana na kioo upande mmoja na resini upande wa pili. Daktari huanza na meno mawili ya katikati, kwa sababu yakikosea nywele moja, kila jino litakalofuata litalipa deni hilo. Kabla ya taa ya buluu kuigandisha resini, ganda bado linateleza chini ya kidole, na ni jepesi kiasi kwamba kulisukuma kwa nguvu ni kulivunja. Baada ya sekunde chache za taa, ganda lililokuwa dhaifu mkononi linakuwa sehemu ya jino. Tafiti za vinia zilizolala juu ya enameli zinaonyesha kwamba zaidi ya tisa katika kumi huwa bado ziko mahali pake baada ya miaka 10, mradi mwenyewe asifungulie soda wala kumenya muwa kwa meno ya mbele. Onyo hili la soda hutolewa kila mara, na kila mara kuna anayelicheka.

Na ikivunjika moja? Hapo ndipo utamjua fundi. Watu hudhani meno kumi ni kazi kubwa na jino moja ni kazi ndogo. Kinyume chake. Meno kumi yanafanana yenyewe kwa yenyewe. Fundi akichagua rangi iliyo karibu, yote yanakubaliana na hakuna shahidi. Jino moja la mbele lina jirani aliye hai pembeni yake, mwenye doa dogo jeupe upande wa kushoto, ufa uliokunywa chai, ncha yenye ubuluu unaokatika katikati. Fundi huomba mgonjwa aje maabara, safari hii lazima waonane. Hupulizia unga wa fedha usoni mwa jino la plasta ili mistari na mabonde yajitokeze, anahesabu, ananakili. Mara nyingi hujenga vinia mbili au tatu zenye tofauti ndogo, zijaribiwe zote mdomoni kwa tone la glisarini, ichaguliwe moja, nyingine ziende kwenye droo. Bei inayoandikwa kwenye risiti ni ya jino moja.